Ulimi Uliostaafu

Miaka thelathini na mmoja
ulimi huu ulikuwa mzani wa Kanyenye.
Dumu likishushwa baiskelini, limetoka Sikonge,
nachovya kidole cha shahada, nafumba macho,
namwambia mrina: hii ni ya maua ya mtundu,
hii umeichanganya na ya mwaka juzi,
na hii, baba, umeikorogea sukari,
irudishe kwa mkeo akaandalie uji.
Ulimi ukisema, bei inafuata.

Kisha unyayo ukaanza kufa ganzi.
Kiu ikanikalia kooni kama mgeni asiyeaga.
Usiku mara sita uani, na tochi,
hata jirani akauliza: mama Kasanda,
unachimba choo kipya?

Kitete wakanitoboa kidole,
kilekile cha shahada.
Kumi na sita nukta nane.
Muuguzi Sesilia, binti mwembamba, mwandiko wa karani,
akasema nimtajie ninachokula.
Nikataja: michembe asubuhi, chai vijiko vinne,
ugali mchana, ugali usiku, kiporo cha ugali alfajiri.
"Na asali?"
"Asali si chakula, mwanangu. Asali ni kazi."
"Kazi mara ngapi kwa siku?"
Nikahesabu madumu, vidole vikaniishia.

Nikamwambia hii haikupita kiwandani,
imetoka mzingani, mkononi mwa Mungu.
Akaendelea kuandika.
"Mama, damu haiulizi kitu kimetoka wapi.
Damu inahesabu tu."

Nilirudi kwa miguu, nimenuna njia nzima.

Sasa sahani yangu ina mipaka kama shamba la mirathi.
Nusu ni mlenda, kisamvu, majani ya maboga;
robo ni maharage, au dagaa siku pesa ikiwepo;
robo iliyobaki ndiyo ya ugali, tena wa dona,
matonge saba, kila tonge nalijua kwa jina.
Mume wangu Nkwabi wiki ya kwanza aliuliza
kama unga umeanguka mchangani.
Wiki ya tano aliongeza mboga mwenyewe, hakusema kitu.
Desemba mji mzima ukinuka maembe
nakata shavu moja, la pili nampa yeye,
kokwa tunagombania.
Na harusini Isevya, mbele ya sinia la pilau,
wapo wanaoniambia "kidogo tu hakiui."
Hawakuwepo usiku wa tochi.

Habari zilifika Sikonge kabla ya mvua:
mama Kasanda haonji tena.
Maganga akaja na madumu manne na tabasamu pana.
Nikainusa. Nikaimimina polepole, nikaitazama uzi wake.
Moyo ukasita, macho hayakuwa na uhakika.
Nikamwita mjukuu wangu Nyamizi, miaka tisa,
akachovya, akalamba mpaka kwenye kifundo.
"Tamu, bibi."
"Tamu namna gani?"
Akafikiri. "Tamu tu."

Tamu tu!
Asali ya porini haijawahi kuwa tamu tu.
Ina moshi nyuma yake, ina gome la mti,
ina kaukali kanakokwaruza koo ukishameza.
Maganga, funga madumu yako.
Alinitazama kama niliyemsomea barua yake ya siri.

Nyamizi sasa ana kidaftari,
anaandika: moshi, ukungu, chungwa bovu, mvua.
Namlipa karanga, na asukutue mdomo.

Leo asubuhi kipimo: saba nukta nne.
Chai kavu, nimeizoea; siku nyingine
nasikia hata kuni zilizoichemsha.
Sijawa malaika, msinisifu.
Juzi, nikifunga chupa za mteja wa Urambo,
nyumba ikiwa kimya, nililamba kifuniko.
Nikachukua daftari la Sesilia, kwenye mstari wa saa kumi,
nikaandika kwa mkono usiotetemeka:
kifuniko, kimoja.